Minazi ya Kwenye Karatasi

Jumamosi, 2 Novemba

Ramani imefika! Imekunjwa vibaya, na pale mikunjo inapokutana pametoboka tundu, katikati kabisa ya shamba la mkonge. Nimeitandaza sakafuni, nimeigandamiza kwa vitabu vinne, nimezima feni. Joto lake! Skeli 1:50,000. Sentimita moja, nusu kilomita. Pangani yetu, sokoni mpaka kivukoni, naifunika kwa kidole gumba.

Mchana sikula. Nimehesabu vidoti vyeusi, kila kidoti nyumba. Huku mto unakotokea, mbali na mji, kuna alama za minazi na kidoti kimoja peke yake ukingoni. Nimekitazama mpaka macho yameuma. Je, ndiyo nyumba ya kwao Mama? Simwambii Mama. Bado.

Jumatatu, 4 Novemba

Baada ya vipindi nimeshuka ufukweni na wanafunzi wanne na futikamba. Kutoka kona ya barabara hadi maji yanapokomea yakijaa. Kisha nikapima palepale kwenye ramani. Zimepotea mita 40! Nimeandika ubaoni kwa chaki nyekundu, nikamwita na Mkuu wa shule aje aone.

Usiku silali kwa furaha. Furaha ya nini, na bahari inakula mji?

Jumanne, 5 Novemba

Si kweli. Au si hakika, na hiyo naona ni mbaya zaidi. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri na wazo moja: unene wa mstari. Milimita moja kwa skeli hii ni mita 50. Mita zangu 40 zote zimo ndani ya wino wa mchoraji. Na lingine: mwaka ulioandikwa pembezoni ni mwaka wa kuchapwa. Picha za ndege zilizotumika kuchora zilipigwa kabla ya hapo. Mimi nimehesabu miaka kuanzia pembezoni, nikaona nimemaliza.

Bahari inakula, hilo kila mtu analiona, ukuta wa ufukweni haukujengwa bure. Lakini imekula mita ngapi, karatasi hii haiwezi kuniambia. Nimefuta ubao. Miguu ilikuwa mizito kumwendea Mkuu. Kaniambia tu, "Basi wafundishe na hilo, Mwalimu." Nimewafundisha. Kipindi kizuri kuliko cha jana.

Alhamisi, 7 Novemba

Nakala ya ramani ya Wajerumani, ya Dietrich Reimer wa Berlin. 1:300,000. Sentimita moja, kilomita tatu! Kwa ufukwe haifai kitu. Nimekaa nayo kwa sababu ya mkonge. Kikogwe, ng'ambo ya mto, ndiko Mjerumani Hindorf alikopanda miche yake ya mkonge mwaka 1893, na iliyopona ilikuwa 62 tu. Sitini na miwili, unaweza kuibeba kwenye toroli moja. Halafu naigeukia karatasi yangu: mashamba huku, mashamba kule, na reli za toroli zimekatiza nchi kama mishono ya fundi. Mshono mmoja leo ni njia ya baiskeli. Watoto wa Kidato cha Pili wanaifuata kila asubuhi, imenyooka kama rula, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini haina kona. Wiki ijayo nawapeleka.

Ijumaa, 8 Novemba

Simu imenichanganya. Nimesimama karibu na msikiti, nimesoma namba za mahali nilipo, nimezihamishia kwenye gridi ya karatasi: nipo katikati ya mto. Mara tatu! Nikadhani nimesahau hesabu. Kumbe karatasi hizi zimejengwa juu ya vipimo vya Arc 1960, simu ina vyake, na kwetu huku tofauti inakusukuma karibu mita 300 kusini. Nimerudisha 300 kaskazini, nikavuta na 100 magharibi. Nimetua barabarani, hatua chache toka mlangoni. Alhamdulillahi.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeshindwa kuvumilia. Nimemwonyesha Mama.

Ufunguo hakuutazama. "Mto unatoka wapi?" Nikamwonyesha. Akaigeuza karatasi mpaka bahari ikawa upande wake. "Haya, sasa naona." Kidole kikaanza kupanda na mto taratibu, kila kona kikisimama kutaja watu: hapa kwa fulani, hapa walikuwa wakipara samaki. Kikafika kwenye kidoti changu. Kikapita.

"Mama, si hapo?"

"Hapo palikuwa na kibanda cha mgema. Kwetu mbele, ukivuka kijito."

Ukivuka kijito hakuna kidoti. Alama za minazi, basi.

Hakusema kitu. Akakunja miguu, akaomba maji. Nilitamani ardhi inimeze. Nimeleta karatasi mpaka nyumbani kumwambia mama yangu kwamba hakuwa na kwao.

Ilinijia baadaye, naosha vyombo. Nyumba ya makuti chini ya minazi! Ndege imepita juu, imeona makuti juu ya makuti. Nimekimbia na povu mikononi kumweleza. Kacheka mpaka kushika ubavu. "Kwa hiyo tulikuwa kivulini." Ndiyo Mama, mlikuwa kivulini.

Ndipo akanisimulia habari ya chumvi kwenye maji. Waliijua kwa chai. Mnazi hata mmoja ulikuwa haujanyauka, chai ya asubuhi ikaanza kuwa na ladha. Babu akamgombeza Bibi, akidhani anakosea mikebe. Mikebe! Maji yamezuiwa juu huko, Nyumba ya Mungu, Hale, mifereji ya wakulima. Mto unatufikia umechoka na bahari inapanda kuupokea. Nalifundisha hilo kila mwaka, na bado hili la chai ndiyo kwanza nalisikia.

Jumamosi, 16 Novemba

Bamvua. Tumetoka mapema na Mjomba, maji yakiwa yanatoka. Sijui kama moyo wangu ulikuwa tayari kwa Maziwe.

Kwenye karatasi inayopakana na hii yangu Maziwe ni kisiwa, kina alama za miti. Leo tumekuta fungu la mchanga mweupe, tupu, halina hata kijiti cha kufungia kamba. Mjomba akashuka, akatembea kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani. "Hapa mivinje. Hapa tulipiga dago. Pale wanawake wa kasa." Hivyo ndivyo anavyowaita, wanawake wa kasa, waliokuwa wakipanda usiku kutaga. Wanapanda hata sasa, mayai inabidi yahamishiwe Ushongo yasizame. Anakumbuka mivinje ikianguka mmoja mmoja, mizizi juu, na kabla ya miaka ya 1980 kukolea hapakuwa na kitu cha kuanguka tena.

Nilimwomba asimame palepale pa dago, kambi yao ya uvuvi, nisome simu. Alisimama wima, kofia mkononi. Sijui kwa nini alivua kofia. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yanamlamba vifundo vya miguu, na mimi namba zinanikataa kwa sababu ya machozi.

Usiku. Nimeziweka kwenye karatasi. Mia tatu kaskazini, mia magharibi. Zimeangukia ndani ya kisiwa, kwenye miti. Hapa unene wa mstari haunisumbui. Nimeandika kwa penseli, herufi ndogo: dago la Mjomba.

Jumapili, 17 Novemba

Mama kaona maandishi. "Yeye kaandikiwa, mimi je?"

Nimemchongea penseli. Kaigeuza tena karatasi, bahari upande wake, akavuka kijito, akatia kidoti chake kwenye minazi. Mkono umetetemeka, kimekuwa kikubwa, milimita mbili kasoro. Kwa skeli hii ni nyumba ya karibu mita 100. Nimekiacha hivyo hivyo.

Sasa anataka aweke na kisima. Ncha imevunjika, natafuta wembe.