Ubao Mama na Fedha za Tangi

Wako watu wanaodhani kwamba michezo ya kompyuta ni mambo ya watoto, na kwamba mwalimu akionekana anaicheza amejivunjia heshima. Sina nia ya kushindana nao. Nakiri tu kwamba mimi, mwalimu wa fizikia niliyepita chuo cha ualimu na kuvuka umri wa miaka thelathini, huketi mbele ya kompyuta kila Jumatano na Jumamosi usiku nikaendesha magari ya mashindano ambayo hayapo duniani. Mshindani wangu ni ndugu yangu mdogo, aliyekwenda kufanya kazi Doha. Saa za Doha na za Nakuru ni moja, hivyo nimalizapo kusahihisha madaftari naye huwa ametoka kazini. Yeye si mtu wa maneno mengi katika simu. Lakini akiwa ameendesha gari lake la mchezo, macho yake yakiwa barabarani, hunisimulia mambo ambayo asingenieleza uso kwa uso: joto, upweke, na chumba kimoja cha watu sita.

Kompyuta yenyewe niliijenga mwaka 2018 kwa vipande vya bei nafuu: prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 3 1200, na ubao mama wenye chipuseti ya A320, iliyokuwa ya chini kabisa katika ukoo wake. Ilinitumikia vyema. Ila tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Ryzen za kizazi cha kwanza. Michezo mipya nayo ilikwisha anza kwenda kwa kukwama-kwama. Nilikuwa na akiba ya shilingi 30,000. Katika akaunti ile ile zilikuwamo shilingi 40,000 nyingine, ambazo ndugu yangu alizituma nimnunulie mama tangi la lita 5,000 apate kukinga maji ya mvua nyumbani kwetu Njoro. Naomba msomaji azikumbuke fedha hizo.

Yamkini wako wasiojua chipuseti ni kitu gani. Tazama stesheni ya reli ya Nakuru. Hapo ndipo njia iendayo Kisumu na njia iendayo Eldoret zinapoachana. Injini ya garimoshi ikiwa na nguvu kiasi gani, haiwezi kupita mahali pasipo na reli, wala behewa haliwezi kushusha mzigo pasipo na jukwaa. Prosesa ndiyo injini. Chipuseti ni kama msimamizi wa stesheni. Ndiyo iamuayo ubao utakuwa na njia ngapi za diski na vifaa vingine, zitakwenda kwa mwendo gani, na kama mwenye kompyuta ataruhusiwa kuiharakisha prosesa kupita kiwango chake. Jambo ambalo wengi hulisahau, nami nililisahau, ni kwamba kujenga njia nyingi stesheni hakuongezi hata farasi mmoja katika nguvu za injini.

Nilikwenda katika duka moja mjini. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, akanipangia mezani mbao tatu, zote za tundu la AM4 kama langu. Ya kwanza ilikuwa na chipuseti ya X570, iliyotoka mwaka 2019, yenye njia za PCIe 4.0 kila mahali na kipepeo chake kidogo cha kuipoza. Ya pili ilikuwa B550 ya mwaka 2020, ambayo huipa kadi ya michoro na diski ya kwanza mwendo wa 4.0, na vingine mwendo wa 3.0. Ya tatu ilikuwa A520, isiyo na 4.0 wala ruhusa ya kuharakisha prosesa. (Mbao za AM5, zilizoanza mwaka 2022, sikuziuliza hata bei, maana zingenidai na RAM mpya ya DDR5.) Ile ya X570 ilikuwa nyeusi, nayo iliwaka taa za rangi zote kama mti wa Krismasi.

“Mwalimu,” akasema, “chukua hii ya juu usahau shida. Nitakufungia pamoja na Ryzen 5 5500 na kadi mpya ya RX 6500 XT.”

Jumla yake ilipita akiba yangu kwa shilingi 18,000. Sitaficha lililonipitia moyoni. Nilisema kimoyomoyo kwamba mvua zilikuwa zimekaribia kwisha, kwamba mama alikwisha kaa miaka mingi bila tangi, na kwamba mwezi wa pili ningezirudisha. Nilikwisha toa simu mfukoni nilipe. Kilichoniokoa si wema. Ni mtandao wa simu, uliokuwa umelala mchana ule. Nikaandika majina ya vitu vile katika kijikaratasi, nikarudi nyumbani.

Usiku nikasoma taarifa za vitu hivyo kimoja kimoja, kwa makini niliyopaswa kuwa nayo dukani. Niliyoyaona yalinitia haya. Prosesa ya 5500 yenyewe haina PCIe 4.0, huishia 3.0. Kadi ile ya RX 6500 XT nayo hutumia njia nne tu, na katika mwendo wa 3.0 hupungukiwa waziwazi katika baadhi ya michezo. Basi ningelipia stesheni kubwa, nikaifunga kwa injini isiyoweza kuitumia, na juu yake nikaweka behewa ambalo njia hiyo nyembamba ingelitesa. Muuzaji hakunidanganya neno hata moja. Kila kitu alichokisifu kilikuwa kizuri kikiwa peke yake.

Kesho yake nilimweleza mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, mpenzi wa mambo haya. Akauliza, “Mwalimu, kwani ulicho nacho kina kasoro gani?” Nilifungua kinywa nijibu, nikakosa la kusema. Kadi yangu ya GTX 1650 ni ya PCIe 3.0 na ingali nzima. Diski yangu haihitaji zaidi ya hapo. Kuharakisha prosesa sijawahi. Nikafungua ukurasa wa kiwanda kilichotengeneza ubao wangu, nikakuta kwamba AMD iliruhusu mwaka 2022 prosesa za Ryzen 5000 ziingie hata katika chipuseti za mwaka 2017, A320 ikiwamo, mradi bayosi ifanywe mpya. Nguvu zinazodaiwa nazo ni zile zile, wati 65. Hivyo fedha zilizokuwa za ubao nikazitia katika prosesa: nikachagua 5600 badala ya 5500, kwa kuwa ina hazina ya ndani ya MB 32 dhidi ya 16, na michezo huifurahia hazina hiyo.

Lilibaki jambo la hatari. Bayosi hubadilishwa prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, na umeme ukikatika katikati, ubao waweza kufa. Nilichagua Jumamosi alasiri, nikaazima betri ya akiba kwa jirani. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Menengai. Mstari wa kuonyesha kazi ulipofika asilimia 60, taa ya chumba ikazimika. Betri ikalia pii, pii, pii. Nilisimama nimeshika kiti, nikiutazama mstari ule ukitambaa, mpaka kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe.

Tangi lilifika Njoro Jumanne iliyofuata. Jumatano usiku ndugu yangu aliingia mchezoni, akanipita katika kona ya pili kama kawaida yake, akauliza, “Kaka, tangi la mama?”

“Limejaa nusu,” nikamwambia. “Analalamika kwamba maji yana ladha ya plastiki.”

Alicheka hata akagonga ukuta.