Mahari Iliyofungwa Baharini

Tangu tulipotaja kwamba mdogo wetu aliomba ngalawa kuwa mahari yake, maswali hayajakatika. Wengi mlitaka kujua bwana harusi alisemaje (alicheka, kisha akaenda kwa fundi). Leo tunamjibu biharusi mtarajiwa mmoja aliyeuliza jambo la maana zaidi: chombo kama hicho kinalindwaje, na nani, wakati mwenyewe yumo ndani ya fungate?

Tulikilinda sisi, dada zake watatu. Hapa Jambiani wapo waliocheka, lakini sisi ni wakulima wa mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza huku kwetu na Paje mwaka 1989, na mikono yetu imefunga taitai tangu utotoni. Kamba, vigingi na maji ndiyo kazi yetu ya kila bamvua.

Ngalawa yenyewe ni ya mashindano: gogo la mwembe lililochongwa jembamba, tanga kubwa, na ndubi mbili za pembeni za kuizuia isipinduke. Ule wepesi unaoifanya ipite wenzake ndio unaoifanya irushwerushwe ikiwa imefungwa. Kwa hiyo kwanza tuliivua nguo. Tanga na foromali vyote vilishuka, maana upepo hupata pa kushika hata tanga likiwa limekunjwa. Tukalileta nyumbani, likalala stoo pamoja na masanduku ya biharusi. Siku saba udi uligombana na harufu ya bahari, na udi ukashindwa.

Nanga ya kutupa hatukuitaka. Maji yakipwa, ngalawa hukaa chini mchangani, na ikikalia ncha ya nanga yake yenyewe hutoboka. Shemeji yetu alikwisha kutengeneza jiwe: tairi la gari lililojazwa saruji, na pete ya chuma katikati. Tulimwambia kabla ya harusi alifukie, asiliache juu ya mchanga. Hapa msitupite haraka. Saruji ikizama hupoteza kiasi cha asilimia 40 ya uzito wake, kwa hiyo jiwe la kilo 100 hapo uani kwako, majini hubaki na kama kilo 58. Linaloshika ni mchanga uliolifunika.

Kwenye pete tulitia mnyororo, kwa sababu kamba inayoburuzwa juu ya matumbawe hukatwa kama kwa msumeno. Juu ya mnyororo ndipo kamba nene, na juu yake dumu tupu la kuelea. Urefu tuliupima kwa maji yaliyojaa, mara tatu ya kina chake. Bamvua zetu hutofautisha kujaa na kupwa kwa karibu mita 4, na aliyepima kamba maji yakiwa machache atakuta usiku inalivuta jiwe kwenda juu badala ya kulilaza. Omo tulifunga kitanzi kisichojikaza, kile ambacho hata kikilowa hufunguka kwa vidole. Mahali kamba inaposugua ubao tukaizungushia kanga kuukuu ya mama. Habari ya bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu, tunaijua sote. Ila mama alisema bedui yule hakuwa na kusi.

Na kusi lilikuwepo. Nikahi ilifungwa baada tu ya Idi Kubwa, ambayo mwaka ule iliangukia Juni. Idi ni tarehe 10, mwezi hupevuka 14 au 15, na bamvua hufuata. Wanawake wa mwani hatuhitaji jedwali la maji, kalenda ya Kiislamu inatutosha. Bamvua la kwetu hujaa mnamo saa kumi, jioni na alfajiri, kwa hiyo tulijua kabisa ni saa ngapi ya kuogopa.

Tulijua pia cha kuogopa. Kusini mwetu, upande upepo unakotoka, mtu mmoja alikuwa ametia mashua nzito kwa nanga ndogo na kamba fupi. Tulimwendea kwa adabu, tukamwomba aongeze kamba au ahame. Alitujibu kwamba tukapambe biharusi.

Usiku wa tarehe 16 baba mdogo alitugongea kabla ya adhana. Mashua ilikuwa imeburuza nanga yake na kulala juu ya ngalawa yetu. Ndubi moja ilivunjika. Lakini jiwe halikusogea. Kulipopambazuka lilikuwa bado limeshikilia vyombo viwili, na kanga ya mama imechanika pindo tu.

Asubuhi wanaume walikaa barazani, wakanywa kahawa, wakayamaliza: ni bahari, ni kadari, jirani ni jirani, amesamehewa. Tukauliza, amesamehewa na nani? Ngalawa si ya baba, si ya shemeji, wala si yetu. Ni mahari, na Suratun Nisaa aya ya 4 haikuacha shaka kwamba mahari ni ya mwanamke, na kwamba akiachia kitu ni kwa ridhaa ya nafsi yake. Pakawa kimya. Mmoja akasema si vizuri kumsumbua biharusi ndani ya fungate kwa habari ya mbao. Sisi tuliona vibaya zaidi kumsamehea mali yake akiwa amelala. Baba alitafakari, akasema aulizwe.

Somo yake ndiye aliyeingia na habari na kutoka na jibu. Biharusi alilia kidogo, somo alisema, kisha akauliza kama jiwe limeshika. Jibu lake lilikuwa hili: mbao na ujira wa fundi vitoke kwa mwenye mashua, mashindano yatakayompita wakati ngalawa inatengenezwa, hayo amemsamehe.

Mbao zilikuja siku ya tatu, kimyakimya. Mashua ile sasa inalala kaskazini mwetu, chini ya upepo, na itakaa hapo mpaka kaskazi lirudi na tuzungumze tena.