Safari ya Ng'ambo Huanzia Mezani

Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kukodi iliruka kutoka Uwanja wa Embakasi, Nairobi, ikiwachukua vijana 81 waliokwenda kusoma katika vyuo vya Marekani. Ndege hiyo yakumbukwa na wengi, pamoja na jina la Tom Mboya, aliyezunguka Marekani mwaka huo huo akiwatafutia msaada. Karatasi zao hazikumbukwi sana. Hata hivyo, kila mmoja alipita kwanza mbele ya meza nyingi za maofisa, na pengine njia hiyo ilimchosha kuliko ile ya angani.

Karatasi ya kwanza ilikuwa barua ya chuo, ya kukubali kumpokea kijana. Ya pili ilikuwa pasipoti, nayo wakati huo ilitolewa na serikali ya Waingereza. Hapo palikuwa na jambo la ajabu kidogo: aliyezaliwa bara, katika Koloni, alihesabiwa raia wa Uingereza na Makoloni yake, bali aliyezaliwa Mombasa, katika ukanda wa pwani uliokuwa milki ya Sultani wa Unguja, aliandikwa kuwa mtu aliye chini ya ulinzi tu. Ndugu wawili wa nyumba moja waliweza kuandikwa namna mbili.

Kisha palikuwa na chanjo ya ndui. Cheti hicho hakitakiwi tena, kwa kuwa ugonjwa ulitangazwa kwisha duniani mwaka 1980. Cha homa ya manjano kingali chadaiwa na nchi kadha wa kadha, kama India na Afrika ya Kusini, nacho hakina nguvu mpaka siku ya kumi baada ya sindano. Achomwaye leo akasafiri kesho ana karatasi isiyomfaa.

Mlima wenyewe ni viza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1952, ambayo ingali yatumika, humdhania mwombaji wa namna hii kuwa ni mhamiaji mpaka athibitishe kwamba atarudi kwao. Naye mwanafunzi huonyesha pia fedha za masomo. Mzee aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome huona maswali hayo kuwa dharau. Si dharau, lakini mzigo wake haulingani kwa watu wote. Karani ana hati ya mshahara na kitabu cha benki. Mkulima ana shamba lisilo na hati, na fedha zilizotoka mnadani zikaingia mfukoni. Basi yampasa aanze mapema: azipitishe fedha benki miezi mingi kabla, aweke stakabadhi za mazao, na ahakikishe kwamba jina la mwanawe limeandikwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa, cha shule na pasipoti. Herufi moja iliyopotea yaweza kumrudisha mtu nyumbani, na muhula wa chuo haungoji.

Hata mwenye viza hajaingia bado. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni. Afisa wa uhamiaji aliyeko uwanjani ndiye afunguaye. Mwanafunzi mpya hapokewi huko Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo katika karatasi ya chuo. Karatasi hiyo, pamoja na pasipoti na hati za fedha, hushikwa mkononi. Sanduku huonekana baadaye, upande wa pili wa meza ya afisa huyo.