Tulimpenda Baba mpaka tukamlemaza!

Kuna mapenzi mengine ni sumu. Nayajua, maana nilimfanyia baba yangu mzazi, hapa hapa Babati.

Mzee alipigwa kiharusi alfajiri moja, upande wa kulia wote ukalala. Presha alikuwa nayo siku nyingi, ila vidonge alimeza pale tu alipojisikia vibaya. Akalazwa siku nane, presha ikashuka, tukaambiwa tumchukue nyumbani. Habari za mkono na mguu, hakuna aliyetueleza neno.

Basi bwana, tukamlea kama yai! Tukamlisha, tukamvisha, tukambeba hadi chooni. Majirani wakatusifu, "Mzee kapata watoto." Kumbe miezi mitatu ile mkono ulikuwa unakunjamana, mguu unakakamaa, na kidonda cha kulalia kinaanza mgongoni.

Niliposema arudishwe hospitali, shangazi akaja juu. "Si mlisharuhusiwa? Mnarudi kufanya nini, au mnataka kumaliza ng'ombe wa kaka yangu?"

Tukauza ng'ombe mmoja hivyo hivyo, tukapanda basi hadi Moshi, KCMC, ambako wataalamu wa mazoezi ya viungo husomea. Mzee akalazwa tena.

Dada wa mazoezi alimwangalia mzee, kisha akanigeukia. "Kaka, anayemlisha nani?"

Nikajibu kwa maringo, "Mimi."

"Kuanzia leo acha."

Akanieleza kwamba kiharusi huua sehemu ya ubongo, lakini sehemu zilizobaki zaweza kujifunza kazi ile, mradi kiungo kitumike kila siku, na mazoezi yaanze mapema. Sisi tulikuwa tumempumzisha!

Wiki ya kwanza mzee alimwaga uji, akalia, akanitukana. Nikatoka nje nisimwone. Wiki ya tatu kijiko kikafika mdomoni.

Nisikudanganye, mkono haujarudi wote. Lakini sasa chooni anakwenda mwenyewe na fimbo yake, vidonge anameza kila siku, na jioni anajikongoja hadi barabarani kutazama mabasi ya Singida. Anayemhesabia hatua ni nani? Shangazi!

Nawe mwenye mgonjwa ndani, siku ya kuruhusiwa usikimbilie teksi. Uliza kwanza: mazoezi yake yapi, na turudi lini? Na ukimwona anahangaika na kifungo cha shati, jikaze, tia mikono mfukoni, msubiri.