Siku 14 Zisizofutika

Nilipoajiriwa karani katika chuo cha polisi cha Kiganjo, notsi za makurutu zilipigwa taipureta juu ya stensili, kisha zikazungushwa kwenye mashine ya wino. Herufi ikikosewa, unaipaka dawa, unangoja ikauke, na kwa baridi ya pale chini ya Mlima Kenya utangoja sana. Kompyuta ilituondolea adha hiyo, ikaleta nyingine: nakala zikawa nyingi kuliko makurutu.

Katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Notsi za awali zilisema mshukiwa wa kosa la kunyongwa, mathalani mauaji au wizi wa mabavu, aweza kuzuiliwa siku 14 kabla ya kufikishwa kortini. Kifungu cha 49 kikaleta saa 24 kwa makosa yote, au siku ya korti inayofuata saa hizo zikiisha korti imefungwa. Kurekebisha mstari huo katika faili langu ni kazi ya dakika moja. Kumbe ulikuwa pia katika somo la ukamataji, la mahabusu, la kitabu cha matukio, na katika flashi za wakufunzi, kila afande na toleo lake.

Mwaka 2011 ikaja Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, vifungu vya Sheria ya Polisi ya zamani, Sura ya 84, vikapitwa vyote. Ndipo nikafungua Excel, nikaorodhesha vifungu badala ya masomo, na mbele ya kila kifungu nikaandika masomo yanayokitaja. Kikibadilika kimoja, najua pa kwenda. Chini ya kila ukurasa nikaweka tarehe. Gwaride na mazoezi ya viungo, aliyowahi kuyafundisha mwanariadha Kipchoge Keino hapo hapo, havikunisumbua: bunge lipitishe lipitishalo, nyuma geuka ni ile ile.

Slaidi sizipendi hata leo. Jedwali la Sita la sheria hiyo ya 2011 lamtaka askari aanze na njia zisizo za nguvu, na mtu akifa au kuumia vibaya, IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, iarifiwe mara moja. Ukilibana hilo kwenye slaidi, masharti hudondoka, ikabaki picha ya bunduki.

Nilipokaribia kustaafu, konstebo mmoja kijana alinionyesha kwenye simu notsi alizorithi kwa binamu yake. Siku 14 zilikuwemo, zimechapwa upya kwa fonti ya kisasa, bila tarehe. Nikamwomba alifute faili. Akalifuta, kisha akaanza kunitajia wenzake aliokwisha kuwatumia kwa WhatsApp.