ALIJUA ANAENDA MWISHO WA RELI, AKAKUTA MJI ULIOITANGULIA DAR

Sema neno likizo mbele ya vijana wa Dar, mawazo yote yanakimbilia Zanzibar. Ukitaja Kigoma watu wanacheka. "Mwisho wa reli unafuata nini, dagaa?" Ndivyo alivyoulizwa jamaa mmoja na washkaji zake, na yeye akacheka nao. Ndoa ilikuwa inaingia mwaka wa pili na hajawahi kukanyaga ukweni. Mke akigusia Ujiji, jamaa anapiga chenga. Tena alikuwa na utani wake mmoja mbele ya wageni: "Huyu nimemuoa Burundi." Mke anatabasamu kidogo, anaingia zake ndani.

Sasa mama mkwe akawa anasumbuliwa na magoti, safari ya Dar haiwezi tena. Mke akasema hela ya Zanzibar ipo, lakini likizo hii ni Kigoma. Wakapanda basi.

Mkoa wa Kigoma unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kwa hiyo kukaguliwa vitambulisho njiani ni jambo la kawaida. Basi likasimamishwa kabla ya kufika Kasulu. Jamaa kujipapasa, kitambulisho kakisahau Dar. Akaanza kujieleza kwa ile lafudhi ya mjini, akaambiwa kaa tu.

Zamu ya mke ikafika. Akafungua pochi, akatoa bahasha ya kaki. Ndani kuna kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule ya msingi na kopi ya cheti cha baba yake. Akaulizwa kazaliwa wapi, kasoma wapi, babu yake kazikwa wapi. Akajibu yote taratibu, kama mtu anayesema kitu alichokikariri zamani.

Basi lilipoondoka jamaa akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hiyo bahasha unatembea nayo tangu lini?"

"Tangu kidato cha tatu."

Jamaa hakuongea tena mpaka stendi.

Wiki yenyewe ilikuwa ya kula bata hasa, tusidanganyane. Maji ya Ziwa Tanganyika ni maangavu kiasi kwamba ukisimama kifuani unaona vidole vya miguu, na bado hilo ndilo ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, karibu mita 1,470 kwenda chini. Mchana ni mgebuka wa kukaanga, ugali wa muhogo na kisamvu cha mawese. Wakachukua boti Kibirizi kwenda Gombe, kule Jane Goodall alikoanza kuwafuatilia sokwe Julai 1960. Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, ila wanaojaa kule ni wazungu. Usiku, mwezi ukiwa haupo, taa za wavuvi wa dagaa zinatapakaa ziwani mpaka unadhani kuna mji mwingine huko katikati ya maji.

Lakini kilichomshika jamaa kilikuwa Ujiji, kwenye makumbusho. Wengi wanaenda pale kupiga picha kwenye mnara wa Livingstone na Stanley waliokutana chini ya mwembe mwaka 1871, basi. Muongozaji akawaeleza kitu kingine. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliukuta mji una soko, una wafanyabiashara wa pwani, na Kiswahili kinasikika. Misafara ilikuwa inatoka hapo kupitia Tabora mpaka Bagamoyo. Dar wakati huo ni Mzizima, kijiji cha wavuvi. Sultani Majid wa Zanzibar alikuja kuanza kuijenga miaka ya 1860. Hata hiyo reli wanayoitania ilifika Kigoma mwaka 1914.

Usiku ule akamsimulia mama mkwe wake kama vile kagundua yeye. Bibi wa watu akamsikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye magoti.

"Dar imekua kubwa, baba," akasema, "lakini Ujiji ndiyo dada yake."

Kisha akaeleza kwamba upande wake ni Wamanyema, wazee wao walivuka ziwa kutoka Kongo enzi za misafara, wakati mipaka yenyewe haijachorwa. "Walitangulia mpaka. Sasa mpaka ndio unawauliza wajukuu zao wametoka wapi." Alisema bila hasira, akaomba aletewe chai.

Mke alikuwa pale pembeni anachambua mchele. Hakunyanyua uso. Jamaa naye hakuwa na neno, akainuka mwenyewe kwenda kuleta hiyo chai.

Walirudi Dar na mfuko wa dagaa na galoni la mawese. Washkaji wakaja kugawana, na mmoja wao akaanza: "Shemeji wa Burundi kaleta..." Jamaa akamkata. "Huo utani umeisha, ndugu yangu. Nilikuwa naulea mimi, nimeuacha mimi." Pale sebuleni pakawa kimya kidogo, halafu watu wakarudi kwenye mpira.

Bahasha bado ipo kwenye pochi. Hiyo hakuweza kuiondoa.

Haya wadau, likizo ijayo Kigoma imo kwenye hesabu zenu? Na kuna mtu hapo karibu yako unamtania kwao kila siku, na hujawahi kujua anatembea na nini kwenye pochi?