Chuma Kimo Ardhini

Mndimu wa nyumbani kwetu Chukwani uligeuka njano mwezi wa Juni, masika ndiyo kwanza yamekwisha na kila mmea mwingine uani umeshiba maji. Wala si majani ya chini, yale makongwe ambayo kuzeeka ni haki yao. Yalikuwa majani machanga ya juu, yamepauka kama karatasi iliyosahauliwa juani, mishipa yake tu ndiyo iliyobaki kijani.

Jirani alisema ni kijicho. Ami yangu, ambaye siku nyingi anaitaka ile pembe ya ua ajenge vyumba viwili vya kupangisha, alisema mti umeshakufa, umebakia kuanguka tu. Matofali ameshayapanga. Bibi hakusema kitu. Aliendelea kuumwagia majivu ya jikoni kama alivyofunzwa na mama yake.

Kwa Bibi mti ule si pambo. Damu yake ni pungufu, na muuguzi alimwambia asinywe vidonge vya chuma kwa chai, maana chai hukizuia chuma kuingia mwilini. Avinywe kwa maji ya ndimu, ambayo hukisaidia kupenya. Kila asubuhi hunituma nikamchumie moja.

Nasomea shahada ya uzamili ya mazingira, kwa hiyo nilianzia na swali la mahali ilipo njano. Mmea ukikosa naitrojeni huiondoa kwenye majani ya zamani ukayapa mapya, ndiyo maana njano ya namna hiyo huanzia chini. Chuma hakihamishiki kirahisi hivyo. Kikipungua, anayeumia ni jani linalozaliwa, kwa kuwa bila chuma mmea hautengenezi umbijani, ile rangi ya kijani inayoulisha. Yetu ilikuwa njaa ya chuma.

Ajabu ni kwamba chuma huwa kimo. Sisi tumekalia jiwe la matumbawe, jiwe lilelile lililojenga Mji Mkongwe na lililochomwa likawa chokaa ya kuta zake. Chokaa ikizidi kwenye udongo, chuma hugandamana kisiyeyuke, na mizizi hunywa kilichoyeyuka tu. Nilichota konzi ya udongo shinani, nikaukamulia ndimu ya mti huohuo. Ukatoa povu.

"Umechemka bila moto," Bibi akasema, akanipa ndimu ya pili nirudie.

Lile povu ni hewa inayotoka asidi inapokutana na chokaa. Maji ya kisima chetu nayo yana chokaa. Ushahidi ni ule ukoko mweupe ndani ya birika. Hata majivu, pamoja na faida zake, yanasukuma udongo upande huohuo. Kumwambia Bibi hilo kulinichukua siku tatu.

"Majivu haya yamekulisha ndimu tangu unatambaa."

"Kweli, Bibi. Nakuomba tu tuyapumzishe."

Huko Kanada mti wa mepo, ambao jani lake limo kwenye bendera yao, hupauka vivyo hivyo katikati ya kiangazi ukipandwa penye udongo wa chokaa, watu wakadhani msimu wa kupukutika majani umewahi.

Wapo walioniambia nizike misumari yenye kutu. Lakini kutu ni chuma ambacho tayari hakiyeyuki. Ukikizika humu unaongeza akiba iliyofungiwa. Kuna chuma cha dukani kilichotengenezwa kustahimili chokaa, ambacho humiminwa shinani, na kuna salfeti ya chuma inayonyunyiziwa majani, ambayo huponya haraka lakini majani yaliyoguswa tu. Kinachodumu ni kazi ya polepole: mboji, samadi iliyoiva, majani makavu yaachwe yaozee pale chini, na maji ya mvua yakingwe kutoka kwenye bati badala ya yale ya kisima. Na saruji ikae mbali, kwa kuwa nayo ni chokaa.

Hilo la saruji ndilo lililokuwa gumu kwa Ami. Amekubali kusubiri mpaka vuli, na zege atalichanganyia upande wa barabarani. Matofali yako palepale.

Majani yaliyokwisha kupauka sana huenda yasirudi, tunatazama yanayozaliwa. Jana nilihesabu machipukizi 11. Manne ni ya kijani. Bibi anasema matano, na macho yake si mazuri.